Mieleka ya roboti ndogo: tuache kushangilia sekunde moja



Nitaongea juu ya kitu ambacho wengi wenu mumekiona mu simu, hata kama hamukujua jina lake. Mashini mbili ndogo, bapa kama sahani, zinawekwa juu ya duara nyeusi. Watu wawili wanarudi nyuma. Kisha, pa! Moja iko chini, nje ya duara, imepinduka, magurudumu bado yanazunguka hewani. Ile yote imechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Chini ya video batu banaandika: « Iyi Wajaponi beko na dawa. » Mwingine: « Iyi ni muchezo ya batoto ya matajiri. » Mwingine anatuma vile vichwa vinavyocheka, vitano, basi, tunapita ku habari ingine.

Mimi ninataka tusipite. Mchezo huo unaitwa sumo ya roboti, maana yake mieleka ya mashini ndogo zinazojiongoza zenyewe. Mega zangu nyingi zimeishia hapo, na maoni yangu ni haya: video zinazoshangiliwa zaidi njo zile mbaya. Mchezo wenyewe ni mzuri, lakini uzuri wake hauko pale watu wanapoangalia.

Kanuni ni fupi. Kiwanja ni duara, Wajaponi wanaiita dohyo, jina lile lile la kiwanja cha sumo ya watu. Kinapakwa nyeusi, na ukingoni kunachorwa mustari mweupe. Roboti inayotoka nje kwanza, ikisukumwa ama ikijitosa yenyewe, imepoteza. Pambano ni dakika 3, na mwenye kupata pointi 2 kwanza ameshinda. Daraja kubwa ni kilo 3, roboti isizidi santimeta 20 kwa 20, kiwanja cha santimeta 154. Daraja la minisumo ni gramu 500, santimeta 10 kwa 10, kiwanja cha santimeta 77. Kuna tena za gramu 100, hata za gramu 25 ambazo unaweza kuzifunika na ngumi. Hakuna kisu, hakuna moto, hakuna msumeno. Hairuhusiwi kurusha kitu, kumwaga maji, wala kujigandisha chini na gundi. Hata magurudumu yenye kunata yana mtihani wake: unaweka roboti juu ya karatasi ya A4, unaiinua, na kama karatasi inabaki imeshikwa zaidi ya sekunde 2, umekataliwa. Ninaipenda sana hii kanuni. Haihitaji mashini ya kupima wala profesa. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuwa arbitri.

Mwanzo wake ni Japani. Hiroshi Nozawa, kiongozi wa kampuni ya programu Fujisoft, njo alileta wazo mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1989 walifanya jaribio na roboti 33. Mwaka uliofuata mashindano ya kwanza rasmi yakapata roboti 147. Baadaye fainali zikaingia mu Ryogoku Kokugikan, ile nyumba ya Tokyo ambamo wanasumo wa nyama na damu wanapigania. Munaona heshima hiyo? Ni sawa vile mashindano ya mashini ya vijana wa ISTA yangechezewa mu Stade des Martyrs.

Sasa tuingie mu kazi yenyewe.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni kwamba hakuna mtu anayeendesha. Wengi wanachanganya sumo hii na zile vita za mashini za televizyo, Robot Wars ya Waingereza ama BattleBots ya Wamarekani, ambamo vyuma vinakatana na cheche zinaruka. Zile zina watu wenye telekomandi mikononi. Ni magari madogo yenye silaha na dereva wake amekaa pembeni. Ninaziangalia na furaha, sikatai, lakini kusema kweli mle roboti hamuna. Hata kule Japani wameweka sehemu mbili, moja ya kujiongoza na ingine ya telekomandi, na mimi ile ya pili ninairuka. Mu sumo ya kujiongoza, mwenye roboti anabonyeza kitufe, anarudi nyuma, na kufuatana na kanuni za kawaida roboti lazima ingoje sekunde 5 kabla ya kutembea. Kuanzia hapo mwenyewe hana kazi tena. Hata akipiga kelele, hata akiomba, yote aliyokuwa nayo ya kusema amekwisha kuyaandika mu programu jana usiku.

Hizo sekunde 5 ni sehemu bora ya mchezo, na ninaona hakuna mutu anayeziongelea. Angalia nyuso za wale vijana wakati huo. Ni uso wa mwanafunzi aliyekwisha kurudisha karatasi ya egzeta na anakumbuka swali alilolijibu vibaya. Hawezi kurudia.

Linganisha na kachi ya kwetu. Munamujua Edingwe wa Kinshasa, na ile kachi ya fetishi ambamo mtu anapuliza unga na mwenzake anaanguka kama mti. Pale kila kitu kimeandikwa mbele na kila mtu anajifanya hakijaandikwa, njo utamu wake. Mu sumo ya roboti ni kinyume kabisa. Kila kitu kimeandikwa mbele, kwa kweli kabisa, herufi kwa herufi, na bado hakuna anayejua kitakachotokea, sababu yule wa upande ule naye ameandika ya kwake. Ni maandishi mawili yanayogongana. Sisi wenye kupenda kuandika tungepaswa kufurahi.

Tufike basi ku video zenu za sekunde moja. Hizo karibu zote ni za daraja la kilo 3. Siri yake ni sumaku. Nguvu ya roboti ya kusukuma haitoki ku moteri peke yake. Unaweza kuwa na moteri ya kuvuta lori, kama gurudumu linateleza hakuna kitu. Kinachohesabika ni jinsi gurudumu linavyokandamizwa ku sakafu. Mtu anayejua chukudu anajua hiyo pasipo kusoma fizika: ukipanda na mzigo inashika njia, ukiwa mtupu inakurukisha. Lakini uzito una mpaka, kilo 3, hauruhusiwi kuongeza hata gramu. Sasa Wajaponi wakaona kwamba kiwanja cha daraja kubwa ni cha chuma. Wakafunga sumaku kali chini ya tumbo la roboti, karibu kabisa na sakafu. Mizani inasema kilo 3, lakini sakafu inaisikia kama kitu kizito mara nyingi zaidi. Ongeza hapo ubao wa chuma mwembamba mbele, wenye makali ya kuingia chini ya mwenzake, na moteri za bei, na matokeo ni hiyo pa! munayoishangilia.

Kama ufundi, ninavua kofia. Lakini kama mchezo wa kuangalia, ninaona umejiua. Roboti mbili zinaruka, moja imepata upande mzuri kwa unene wa unywele, imekwisha. Hata wale watu wa Tokyo wenyewe wanahitaji kurudisha video polepole ili wajue nani alipiga nani. Mchezo ambao jicho haliwezi kuufuata unabaki kuwa wa mashini peke yao. Na kuna ubaya mwingine: uwezo wa pesa umepita uwezo wa kufikiri. Mwenye sumaku bora, ubao bora na moteri bora hana haja ya kuwa na akili mingi mu programu, sababu hakuna muda wa kuitumia. Ile dakika 3 ya kanuni imebaki ku karatasi tu.

Minisumo ni habari ingine. Gramu 500. Kiwanja mara nyingi ni cha ubao, kwa hiyo sumaku haina cha kushika. Pale njo ninapowaomba mukae na mutazame polepole, hata kama picha si nzuri.

Roboti ya minisumo iko na macho ya aina mbili. Ya kwanza yanaangalia chini. Ni taa ndogo ya miale ambayo jicho letu haliioni, na kapteri inayopima mwanga unaorudi. Nyeusi inameza mwanga, nyeupe inaurudisha. Mwanga ukirudi mwingi, maana yake uko ku mustari, rudi haraka ama unakufa. Macho ya pili yanaangalia mbele na pembeni, yanatafuta adui. Kuna wanaotumia sauti, kama popo, lakini sauti ni mzigo: inatoka, inagonga, inarudi, na kwa hesabu ya mchezo huu huo ni muda mrefu. Wengi wanatumia mwanga tena.

Sasa angalia shida ya mwandishi wa programu. Macho mawili yanampa amri mbili zinazopingana. Moja linasema: adui yuko mbele, sukuma na nguvu zote. Lingine linasema: mustari uko mbele, rudi. Umusikilize nani? Ukimusikiliza wa mustari kila mara, utamuacha adui wakati amebakiza santimeta 2 aanguke. Ukimusikiliza wa adui kila mara, siku moja yule atapiga kona, na wewe utatoka nje peke yako na mwendo wako wote, kama lori lililokosa breki kule milimani kati ya Sake na Masisi. Hakuna jibu moja. Kila roboti ni jibu la mtu fulani kwa swali hilo, na ukiangalia mapambano kumi utaanza kuona tabia: hii ni ya muoga, hii ni ya mtu mwenye hasira, hii ni ya mtu aliyelala vizuri. Hapo njo ninaposema mchezo una uzuri.

Pambano zuri linaenda hivi. Zote mbili zinangoja sekunde zao 5. Moja inaruka moja kwa moja mbele. Ingine haiendi mbele, inapiga kona ya nusu duara pembeni, yule wa kwanza anapita mahali pasipo mutu, anaona mustari, anafunga breki, anageuka. Wakati anageuka njo anapigwa ubavuni. Lakini ubavu si kila kitu: kama magurudumu yake ni mazuri anashikilia, zinabaki pale zimekwama kichwa kwa ubavu, zinatetemeka, sekunde tatu, sekunde nne, na moteri zinalia. Kisha moja inafanya kitu ambacho mpiganaji wa kweli angefanya: inarudi nyuma kidogo, na mwenzake ambaye alikuwa anasukuma na nguvu zote anajikuta anasukuma hewa. Watu wanapiga kelele. Hakuna damu, hakuna aliyeumia. Na ile hatua ya kurudi nyuma, mtu aliifikiri mbele ya siku hiyo, ameketi peke yake na karatasi.

Halafu kuna udanganyifu, na hapa ninakubali kwamba hata zile kubwa za Japani ziko na akili. Kuna roboti zinazoangusha bendera nyeupe pembeni mara mchezo unapoanza. Bendera haina uzito, haina nguvu, lakini macho ya adui yanaona kitu cheupe kipana na yanasema « huyu hapa », anakimbilia bendera, na mwili wenyewe uko upande mwingine. Wengine wanapaka mwili nyeusi isiyong'aa ili mwanga wa adui usirudi. Ni uwindaji tu. Wazee wa pori la Walikale waliotega nyama na mitego ya kamba wangeelewa haraka kuliko sisi wenye diploma.

Najua sasa mutaniletea ule wimbo wa kila siku: « Roboti zote ziko na koltani yetu ya Rubaya. » Tupunguze kidogo. Ni kweli Rubaya, kwetu Masisi, inatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, na ni kweli kwamba tangu mwisho wa Aprili 2024 iko mikononi mwa M23. Lakini kipande cha tantali mu roboti ya gramu 500, kama kipo, ni kile kidogo cha manjano chenye mustari, na roboti nyingi za vijana hazina hata kimoja, sababu vipo vingine vya bei ya chini vinavyofanya kazi ile ile. Sumaku za zile kubwa hazitoki kwetu. Kobalti ya batri ni ya Kolwezi na jirani zake. Kama munataka kutafuta Kivu ya Kaskazini ndani ya roboti hizi, tafuteni Walikale. Tafuteni bati.

Kila waya mu roboti umeshikwa na tone la kuchomelea. Siku hizi tone hilo, lile lisilo na risasi, ni bati karibu asilimia 96 na nusu. Karibu nusu ya bati yote ya dunia inaenda mu kazi hiyo ya kuunganisha. Na Bisie yetu ya Walikale, ambayo krezere walianza kuichimba na mikono karibu 2002, wakitembea mu pori na mizigo mgongoni hadi Njingala, na ndege zikitua ku barabara ya lami pale Kilambo kuchukua kasiterite, leo ni mashimo ya kampuni ya Alphamin, na yanatoa karibu asilimia 6 ya bati ya dunia. Jiwe la kule lina bati karibu asilimia 4 na nusu, kiasi ambacho migodi mingine inakiota tu. Machi 2025, wakati M23 walipokuwa wanasonga kuelekea Walikale-centre, kampuni ilisimamisha kazi, na bei ya bati ikapanda ku soko la London. Aprili kazi ikaanza tena. Kwa hiyo yule kijana wa Tokyo ama wa Mexico anapoweka tone lake, kuna nafasi nzuri kwamba anagusa Walikale, na hajui kwamba Walikale ni jina la mahali.

Sisemi hivyo ili tulie. Ninasema sababu inagusa swali la upande wa pili: sisi wenyewe tunagusa nini?

Kuna mwanachama mmoja ambaye, nilipotaja jambo hili, aliandika hivi: « Batu bako banakimbia na magodoro ku kichwa, na weye unatuletea michezo ya mashini? » Ni neno zito na ninaliheshimu. Masisi-centre ilianguka mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo huo. Kambi za Goma na kandokando zilivunjwa Februari, watu wakarudishwa mu vijiji ambavyo wengine hawakukuta nyumba. Mabenki ya Goma yalifungwa. Uwanja wa ndege ulifungwa. Hakuna roboti ya gramu 500 itakayofungua hata dirisha moja la benki. Mwenye kusema kwamba teknolojia italeta amani Kivu ananiuzia kitu.

Lakini nitajibu hivi. Mashini zenye macho zimekwisha kufika kwetu, hazikungoja ruhusa ya klabu. Watoto wa Masisi na Walikale wanajua sauti ya dronu. Wanajua kuitofautisha na pikipiki usiku. Nyingi ya hizo bado zina mtu anayeziongoza toka mbali, lakini lile swali la minisumo, la macho mawili yenye amri mbili, njo swali ambalo watu wenye majeshi wanalilipia pesa mingi leo: mashini ione, iamue, na mtu asiwe ameshika kitu. Tofauti ni kwamba ku kiwanja cha santimeta 77 kuna mustari mweupe, kuna arbitri, na anayekosea anaanguka toka urefu wa santimeta 2 na nusu. Mtoto aliyeandika « ukiona kitu, sukuma » na akaona roboti yake inasukuma mkono wa arbitri, sababu mkono nao ni kitu, amekwisha kujifunza jambo ambalo hotuba za mabalozi hazijamufundisha. Ninataka mtoto huyo awe wa Nyabiondo ama wa Mubi, asiwe wa Tokyo peke yake.

Yule mwenye kusema « batoto ya matajiri » naye ana sehemu ya haki, na kosa ninaliona ku namna mashindano haya yanavyoletwa Afrika. Mara nyingi yanakuja ndani ya karto: roboti imekwisha kukatwa, kuchorwa, kuandikwa, mtoto anakaza visi sita, anavaa tisheti ya mfadhili, wanapiga picha, karto inarudi mu ofisi na inafungiwa na ufunguo. Mimi hiyo siiti elimu, ni kukaza visi. Tena mashindano ya kimataifa yana kivuli chake. Julai 2017, vijana sita wa Burundi waliokuwa wamekwenda Washington ku mashindano ya roboti waliondoka na hawakurudi, wawili kati yao wakaonekana wanavuka kuingia Kanada. Siwahukumu. Ningekuwa na miaka 17 na ninatoka kwetu, sijui kama ningepanda ndege ya kurudi. Lakini mchezo ukishakuwa mlango wa viza, mtoto hafikiri tena mustari mweupe, anafikiri mustari mwingine.

Kwa hiyo ninapendelea jambo dogo, la hapa hapa. Sisi si watu wasiojua mashini. Chukudu ilitoka mikononi mwa mafundi wetu, mti mgumu kwa vipini, mti mwingine kwa ubao, mpira wa gurudumu kuukuu umepigiliwa misumari, na kitu kinashuka mlima na magunia ya viazi. Goma imeisimamishia sanamu, haikuisimamishia roboti yoyote. Kinshasa wao tangu 2013 wako na zile roboti za rulaje za Thérèse Izay Kirongozi, zenye urefu wa mita 2 na nusu, zinazogeuza mikono na kuwaka taa, na Wakongo waliziheshimu kuliko polisi wa kweli. Mimi ninazipenda, ingawa zinasimama tu pale pale. Hazina cha kuamua kikubwa. Roboti ya gramu 500 iko na ujasiri zaidi.

Tena tuko na mafundi wa simu. Mu kila senta, hata pale ambapo umeme ni pano moja ya jua na waya, kuna kijana mwenye chuma cha kuchomelea na meza ndogo. Anaweza kuondoa kipande kidogo kuliko chembe ya mchele na kukirudisha mahali pake. Huyo hajui kwamba ni nusu ya timu ya minisumo. Nusu ingine ni lisansie wa informatiki ambaye anakaa nyumbani anangoja kazi ya ONG. Seremala ni wa tatu. Moteri ndogo zinaweza kutoka mu michezo ya watoto iliyoharibika na mu imprimante za zamani, hazitakuwa nzuri, zitakuwa mbaya kwa wote, na hiyo ni haki ya kutosha. Kile ambacho lazima kinunuliwe mbali ni kadi ndogo ya programu na zile kapteri, na hapo sitawadanganya: kwa njia za leo, kupitisha paketi hadi Walikale ni safari.

Kanuni moja ningeiongeza, na wanaojua mchezo huu wataniona mkorofi: mwili wa roboti uwe wa mti, na programu isomwe kwa sauti mbele ya watu kabla ya pambano. Ndiyo, isomwe, kwa Kiswahili. « Ukiona nyeupe, rudi nyuma, geuka upande wa kuume. Usipoona kitu, zunguka. » Watazamaji wajue kila mmoja ameandika nini, halafu waone maandishi mawili yanagongana. Pale mama anayeuza samaki ataweza kusema « huyu atapoteza, hakuandika kitu juu ya ubavu », na atakuwa na haki. Video ya sekunde moja haitampa nafasi hiyo hata siku moja.

Kuhusu mahali, kitu kimoja cha ufundi kwa wale watakaojaribu. Jua letu ni adui wa macho ya chini. Mwanga wa jua una miale ile ile ambayo kapteri inaitafuta, na ukicheza nje saa sita mchana roboti itaona mustari mweupe kila mahali, itarudi nyuma hadi ianguke. Chezeni ndani ya darasa, ama jioni. Kule Masisi ukungu utawasaidia. Kule Walikale, sababu ya unyevu, ubao wa kiwanja utavimba kama haukupakwa rangi pande zote mbili, na ukivimba, ile makali ya mbele itakwama. Pakeni pande zote mbili. Mustari ni santimeta 2 na nusu.